Paka Aliyeanguka Ghalani

Tulipokuwa kwenye matanga ya dada yangu Kalunde, hapa Ng'ambo, Tabora, wajukuu wake walijikusanya chumba cha uani na simu ya mmoja wao. Wanawake walikuwa jikoni wanapepeta mchele, wanaume wako nje chini ya turubai, nami nimejilaza kwenye jamvi la wafiwa kwa sababu miguu inanivimba nikikaa sana. Nikasikia kicheko. Si kile cha kuibia, ni kile cha mtoto anayeshika tumbo. Nikanyanyuka polepole kwenda kuchungulia. Kwenye simu kulikuwa na paka na mbwa wa kuchorwa wanakimbizana ndani ya nyumba. Mlango ulifunguliwa kwa nguvu, mbwa akabanwa ukutani akawa mwembamba kama chapati, kisha akajibandua, akajikung'uta, akaendelea kukimbiza. Kabla na mimi sijacheka, mkwe wetu Rehema alikuwa amefika nyuma yangu. "Hivi ninyi mna adabu kweli? Bibi yenu hata udongo haujakauka." Akanyoosha mkono aichukue simu. Nikamshika. "Waache, Rehema." Akaniangalia kama anayeangalia mtu mwenye homa. "Bibi, kwenye msiba?" Nikamwambia, "Kwenye msiba ndipo mahali pake." Hakunielewa, na wageni wa kutoka Nzega walikuwa wanaingia na vilio, ikabidi tukawapokee. Namweleza hapa, kwa mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima, maana kwa mdomo huwa ananikatiza.

Mwaka ninaousema ni ule watu walipoambiwa watoke kwenye miji yao ya porini waje wakae pamoja kando ya barabara. Mimi nilikuwa msichana niliyeanza kujifunga kanga mbili, na shule nilishaiacha darasa la tatu. Kalunde, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuwa amejifungua, na mama akanipakia kwenye lori la tumbaku nikamsaidie, huko kijiji kipya njia ya Sikonge. Nilidhani nakwenda kwenye tembe lao nililolijua, lenye kuta nene na paa la udongo ambalo juu yake tulikuwa tunaanika karanga. Nikawakuta kwenye kibanda cha nyasi, ndani ya mstari wa vibanda vinavyofanana, kila kimoja na namba ya chokaa mlangoni. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa mkeka ulioning'inizwa. Upande huu mafiga na mitungi, upande ule kitanda cha kamba, na ukutani, kwenye kijiti kilichochomekwa katikati ya fito, kofia ya ukindu ya shemeji yangu Mihayo, imeungua ukingoni. Upepo ukivuma nyasi zote zilitikisika, na Mihayo akawa anasema, "Nyumba hii inapumua kuliko mimi."

Mihayo alikuwa mrina asali. Alikuwa mtu mfupi, miguu imepinda kidogo kwa kukumbatia miti tangu utoto, na hakuna siku niliyomwona amekasirika. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa karanga. Baada ya ugali alitoa kibuyu cha asali, akachovya vipande vya viazi vikavu, akamlisha Kalunde kwa mkono wake mwenyewe mbele yangu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya mbele ya watu. "Kula," alimwambia, "maziwa ya mwanangu yawe matamu." Mtoto alikuwa wa kike, na Mihayo ndiye aliyempa jina, Nyamizi, jina la mama yake mzazi. Nilikuwa nalala upande wa mafiga, na mkeka hauzuii sauti, kwa hiyo niliwasikia wakizungumza.

"Jirani wa kulia umeshamjua?" Kalunde alimuuliza.

"Mama Shija na mumewe. Wametoka upande wa Ziba na ng'ombe wao."

"Na wa kushoto?"

"Nimemsalimia, akaitikia kwa Kiha. Tukacheka tu."

"Basi tumezungukwa na wageni."

"Na sisi ndio wageni wao," Mihayo akasema. "Lala."

Watu walihamishwa, lakini mizinga ilibaki kwenye miyombo kule porini, mwendo wa saa mbili. Mihayo aliondoka alfajiri na kamba yake na shada la nyasi za kuwafukizia nyuki moshi, lile tunaloliita kienge. Siku moja wenzake walimrudisha jua likiwa utosini, wamembeba kwenye machela ya matawi. Kamba ilikatika. Walisema alikuwa hai alipofika chini, akaomba maji, na walipofika mtoni alikuwa ameshanyamaza. Aliyetangulia mbele ya machela, kijana aitwaye Lugola, alikuwa amebeba kile kienge, na kilikuwa bado kinafuka moshi. Mpaka leo sielewi kwa nini hakukizima. Labda na yeye hakujua kama inafaa kukizima. Mihayo akazikwa jioni ile ile kwenye uwanja walioutenga nyuma ya ghala la tumbaku, na kaburi lake lilikuwa la kwanza pale.

Sasa Rehema asikilize hapa. Utani wanaoujua vijana wa leo ni wa kusemana timu za mpira. Juzi kwenye msiba wa Kalunde alikuja mtani mmoja tu, kijana, akaomba soda, akapewa, akashukuru, akaondoka. Kwetu zamani mtu hakuzikwa na ndugu peke yao. Babu zetu walibeba meno ya tembo na mizigo ya Waarabu kutoka Tabora mpaka pwani, na njia ile ilikuwa na makaburi mengi kuliko visima. Aliyeanguka Ugogo alizikwa na Wagogo, aliyeanguka Uzaramo alizikwa na Wazaramo, na wao wakifia kwetu tuliwazika sisi. Ndipo walipoanza kutukanana, maana mtu aliyemzika ndugu yako matusi yake utayakasirikia vipi? Mtani ndiye huingia kwenye msiba wakati wafiwa hawawezi hata kunyanyua shingo. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Anadai sufuria. Anajilaza kaburini kabla ya maiti na kusema pamebana, chimbeni tena. Wafiwa wanacheka bila kupenda, na wakishacheka wanaweza kulia vizuri, na wakishalia wanaweza kula. Pale kwenye tembe lao la zamani walikuwa na Mzee Pazi, Mzaramo aliyestaafu kazi ya reli akabaki kwetu, na hakuna Mnyamwezi aliyezikwa upande ule bila Mzee Pazi kumtukana kwanza. Kwenye kuhama, yeye alipelekwa kijiji kingine, mbali. Pale kijiji kipya hakuna aliyejua nani ni mtani wa nani. Watu walikuja, wakaketi, wakasema pole, wakaangalia miguu yao, wakaondoka. Ulikuwa msiba wa heshima sana, na ulikuwa kama chungu kilichofunikwa kikasahauliwa motoni.

Kalunde hakulia. Walimnyoa, wakamfunga kaniki, akajilaza kwenye mkeka ameelekea ukuta, akakaa hivyo. Hakusema neno na mtu. Nikimpa maji anakunywa, nikimpa ugali anauacha mpaka unakauka. Hata mwanawe Nyamizi hakumtaka. Mwanzo kifua chake kilijaa hadi kaniki ikalowa mbele, nikamleta mtoto nikamlaza ubavuni pake, mtoto anahangaika kutafuta, yeye akavuta nguo akajifunika mpaka shingoni. Hakumsukuma. Alimfanya kama hayupo. Mama Shija alikuwa ananyonyesha wa kwake, akamnyonyesha na wetu mara chache, lakini mumewe akaanza kunung'unika kwamba mwanawe anakonda, ndipo akawa anatuletea maziwa ya ng'ombe kwenye kata. Yakamharisha. Nikaanza kumkorogea uji mwembamba wa ulezi, namnywesha kwa kijiko, nusu unaingia, nusu unamwagika shingoni. Mapaja yake yakawa na makunyanzi kama ya kizee. Kilio chake kilikuwa cha nguvu, kikawa chembamba, kisha ikawa anafungua mdomo tu. Bwana mmoja wa zahanati alikuja, akamminya mtoto ngozi ya tumbo, akaona inavyobaki imesimama. Akamwambia Mama Shija, pale mlangoni, akidhani sisikii, "Dawa ya huyu mtoto sina. Dawa yake iko kifuani kwa mama yake, na ikikauka tutamzika." Mama Shija akaja akamshika dada yangu kifua kama wanavyopima ng'ombe, bila haya. Akaniambia, "Bado kidogo yapo, mwanangu. Lakini ziwa likishasahau, halikumbuki tena." Kalunde alisikia yote hayo. Alikuwa anaangalia fito za ukuta.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa gari la sinema lilipofika. Lilikuwa Landrova ya serikali, limejaa tope hadi madirishani, likiendeshwa na mtu mmoja ambaye ndiye dereva na ndiye fundi wa mashine, Bwana Shomari, mtu wa Kisarawe, mrefu, sauti yake kama ya mwadhini. Alikuja kutuonyesha namna ya kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Kwa kawaida sinema ilionyeshwa nje gizani, ila mvua ilikuwa haikatiki, basi Mwenyekiti wetu, Bwana Kapela, akaamua watu waingie kwenye ghala la tumbaku, adhuhuri hiyo hiyo, maana ghala lile halikuwa na dirisha. Mama Shija akaniambia nami niende. "Mbebe mtoto twende. Umekaa na ukuta mpaka na wewe umekuwa ukuta." Nikamtazama Kalunde. Hakugeuka. Nikamfunga Nyamizi mgongoni, nikaenda.

Naliona ghala lile hata nikifumba macho. Mitumba ya tumbaku ilipangwa hadi darini pande mbili, harufu yake kali na tamu inaingia mpaka kwenye meno, watoto wanapiga chafya. Tulikaa chini kwenye magunia, kila watu na kundi lao, wa Ziba kule, Waha kule, sisi huku, njia katikati kama mito. Bwana Shomari alitundika shuka jeupe, akafunga milango, jenereta likanguruma nje mvuani. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba vyoo vitakuja, lakini kwanza tuchangamke. Ndipo kwenye shuka akatokea mbwa mnene amelala karibu na sufuria ya nyama, na paka mwembamba anamnyemelea.

Sinema yenyewe haikuwa na maneno, muziki tu. Maneno aliyatia yeye. "Huyo aliyelala ni mimi, Mzaramo," akasema. "Na huyo mwizi mwembamba anayekuja, mnamwona anavyotembea? Mzigo kichwani, akili miguuni. Mnyamwezi huyo." Kutoka upande wetu sauti ya mzee mmoja, Mzee Kasuka, ikajibu gizani, "Mwamshe Mzaramo. Mwambie ngoma imeanza, ataamka mwenyewe." Watu wakaguna kwa kicheko. "Hata ngoma hachezi bure," Shomari akajibu, "anangoja Mnyamwezi amletee kuni." Paka akaiba nyama, mbwa akaamka, wakaanza. Mbwa alikanyaga reki, mpini ukamgonga usoni, meno yakamdondoka kama punje za mahindi, akayaokota akayarudisha. Paka akabanwa na mlango. Mbwa akaingizwa kwenye pipa akatoka na umbo la pipa. Kila anayepigwa alikuwa anainuka. Nilikuwa sijacheka tangu machela ile, na nikajikuta nacheka mpaka Nyamizi anarukaruka mgongoni. Yule jirani wa kushoto alikuwa ananguruma kwa kicheko cha Kiha, kama kicheko kina kabila. Watoto wa leo hutazama peke yao, kila mtu na kioo chake. Sisi siku ile ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza sauti za majirani zetu.

Kisha paka akapanda mti, na mbwa akawa chini anaukata mti kwa msumeno. Shomari alikuwa amenogewa. "Mnyamwezi kapanda juu. Unafikiri anafuata nini huko? Asali. Mnyamwezi na asali, hata mauti hayatawaachanisha. Shika kamba, ndugu yangu. Shika kamba vizuri." Mti ukaondoka, paka akabaki hewani, akatutazama sisi, akameza mate. "Haya, kamba imekatika. Mnyamwezi huyo, chali." Paka akaanguka, akatoboa ardhi, ikabaki alama ya mwili wake na masikio yake mawili.

Hakuna aliyecheka. Mashine ilikuwa inazunguka, muziki unaendelea, paka akatoka shimoni amejikunja kama karatasi iliyokunjwakunjwa, akaondoka anachechemea, na watu wote wamekaa kimya kana kwamba kuna mtu ameingia. Shomari akauliza, "Jamani, mmelala?" Mama Shija ndiye aliyesimama. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Bwana, hapa kuna mtu amekufa hivyo hivyo. Mke wake yuko nyumba ya sita kutoka hapa. Mtoto wake huyu hapa mgongoni."

Shomari akaizima mashine. Likabaki giza na harufu ya tumbaku. Mtu akafungua mlango, mwanga ukaingia, nikamwona ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa kitu kisicho chake. Bwana Kapela akawa anasema maneno ya kikubwa, kwamba mgeni hakujua, kwamba tusameheane, kwamba sasa tuangalie vyoo.  Shomari aliuliza swali moja, si kwa Kapela, kwa Mzee Kasuka. "Mzee wangu, huyo marehemu alizikwa na mtani gani?"

"Hakuzikwa na mtani."

"Hakuna hata mmoja?"

"Sisi hapa hatujajuana bado," Mzee Kasuka akasema, na akatazama chini.

"Basi kesho nitakwenda pale nyumbani."

"Huendi," Kapela akasema. "Wewe ni mtumishi wa serikali. Utaniletea maneno wilayani."

"Mwenyekiti, nikiondoka na maneno niliyosema, nitakuwa nimemtukana maiti. Nikienda, nitakuwa nimetania. Chagua wewe."

Kapela akatoka nje mvuani. Nami nikaondoka na mtoto, nikijifunika gunia kichwani.

Nilipoingia, Kalunde alikuwa vile vile. Nikapiga magoti kuchochea moto, na ndipo nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau, imekwaruza kama mlango wa siku nyingi. "Wanacheka nini?" Niliogopa kugeuka. Nikamwambia kuna paka na mbwa kwenye shuka, wanapigana, wanabanwa na milango.  Nami kwa ujinga wa utoto, kwa furaha ya kusikia anasema, nikaendelea, nikamwambia paka alipanda mti akaanguka.

"Akaamka?"

"Akaamka, dada."

 Nilimsikia anavuta pumzi ndefu, akaikata katikati. Usiku ule Nyamizi hakulia kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kulia. Kila mara nilikuwa naweka kiganja puani kwake.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nakoroga uji, mlango uko wazi kwa ajili ya moshi, nikaona miguu mirefu, suruali imekunjwa magotini, na nyuma yake Bwana Kapela anamvuta mkono wa shati. Shomari hakupiga hodi. Alijitupa chini chali pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, akakunja mikono kifuani.

"Maiti imefika," akasema akiwa amefumba macho. "Nimetoka Uzaramo kwa miguu kuja kumzika mtani wangu, nakuta ameshazikwa. Na watu wasiojua hata kumtukana. Basi nizikeni mimi."

Watu wakaanza kusogea kutoka vibanda vya jirani. Akainuka, akajipinda miguu, na sijui nani alimwambia, maana hakumwona hata siku moja, lakini alitembea kama Mihayo. Akakumbatia nguzo ya mlango kama anapanda mti. "Babu yake alibeba jino la tembo mpaka pwani hakulidondosha. Yeye alipewa mwili wake tu aubebe, ameudondosha. Tena amekwenda bila kunibakizia asali. Mnyamwezi gani huyu? Alizaliwa Unyamwezini au aliokotwa njiani?" Mzee Kasuka alicheka, akajiziba mdomo, akashindwa, akacheka tena. Shomari akaingia ndani, akatazama huku na huku, akaichukua ile kofia ya ukindu kwenye kijiti, akaivaa.

"Kofia imenitosha," akasema. "Na mjane je? Maana na yeye nimekuja kumchukua. Mgongo wake ninauona ni mzuri, sijui mbele."

Kalunde akageuka. Akamtazama, na akaitazama kofia. Akainuka, akaja mpaka kwangu, akanipokonya mwiko ndani ya sufuria, uji unachuruzika, akamfuata.

Shomari alitoka mbio. Walizunguka nyumba, yeye na miguu yake mirefu anaruka madimbwi, Kalunde nyuma na kaniki ameishikilia kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine, kichwa chake kilichonyolewa kinang'aa. "Mshikeni mke wangu, ananiua," Shomari analalamika. Wakazunguka tena. Watoto wakaanza kuimba, "Paka na mbwa, paka na mbwa," na watu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha wote, wa Ziba, Waha, Mama Shija amejishika kiuno. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimeacha jembe kwenye majani, bapa limelala, mpini chini. Shomari alilikanyaga. Mpini uliinuka ukamgonga katikati ya paji la uso, sauti yake niliisikia kutoka mlangoni, akaenda chini chali.

Tulikimbilia nyuma ya nyumba, tukacheka kuliko mwanzo, maana ndivyo ilivyokuwa ghalani. Tukangoja ainuke. Hakuinuka.

Kicheko kilikufa kipande kipande. Kofia ilikuwa imebiringika kando. Damu ilianza kutoka juu ya nyusi, ikashuka kuelekea sikioni. Bwana Kapela alisema taratibu, "Mungu wangu, gari la serikali nitalirudishaje?"  Kalunde alikuwa amesimama juu yake, kifua kinapanda na kushuka.

"Amka," akasema.

Shomari kimya.

"Wewe. Amka." Akapiga magoti kwenye tope. Akamshika ukosi wa shati, akamtikisa. "Amka. Usinifanyie hivi. Nimesema amka. Amka, baba. Amka twende nyumbani." Mama Shija akageuza uso.

Shomari akafungua jicho moja, lile lisilo na damu. "Mtani," akasema kwa sauti ndogo, na nadhani safari hii alikuwa ameumia kweli, "asali hamna kabisa?"

Kalunde akampiga na mwiko begani, uji ukaruka ukawapata wote wawili. Akampiga tena. Na kutoka kooni kwake ikatoka sauti ambayo mwanzo ilikuwa kicheko, mimi niliisikia, ni kicheko kabisa, kisha ikavunjika katikati, akajiinamia kwenye tope akaita, "Mihayo. Mayu wane, Mihayo." Alimwita mumewe na akamwita mama yake, akalia kama watu wanavyolia siku ya kwanza, kwa mwili mzima. Wanawake wakataka kumnyanyua. Mama Shija akawazuia kwa mkono. "Mwacheni. Leo ndiyo anazika."

Alilia mpaka jua likapanda. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, sijui niende wapi. Alipokaa kitako, nikaona kaniki yake imelowa mbele, madoa mawili. Nikadhani ni uji. Kisha nikaona yanapanuka.

"Mwamini," akaniita. "Niletee Nyamizi."

Nikamfungua, nikampa. Pale pale nyuma ya nyumba, mbele ya watu, akamtolea ziwa. Mtoto akageuza kichwa. Alikuwa ameshazoea kijiko, na ziwa alilisahau, akawa anatafuta hewani kwa mdomo mkavu, anachoka, anafumba macho. Kalunde akajikamua, tone likaanguka juu ya mdomo wa chini, jingine likapotelea shavuni. "Kunywa, mama," akamwambia. "Kunywa. Baba yako ameshazikwa." Bwana Shomari alikuwa amekaa kwenye majani, ameshikilia kitambaa cha maji usoni, jicho limevimba limefunga. Watu wote wamenyamaza, hata watoto. Nikaona taya la Nyamizi linasogea mara moja, likasimama, likasogea tena. Tukamsikia anameza.